Mwanafunzi wa Uuguzi Anaposita Mlangoni mwa Wodi

Mwishoni mwa Januari 2025 Uganda ilitangaza kwamba muuguzi wa hospitali ya rufaa ya Mulago, jijini Kampala, amefariki kwa Ebola ya aina ya Sudan. Kampala si mbali na Nairobi: ni safari ya usiku mmoja kwa basi. Habari za namna hiyo zinapofika hapa, mazungumzo katika nyumba zenye mtoto anayesomea uuguzi hugawanyika pande mbili. Upande mmoja husema kwamba anayeogopa ugonjwa hakupaswa kuchukua fomu ya kujiunga na chuo cha unesi, kwa kuwa kazi hiyo ni wito. Upande wa pili hujibu kwamba mtoto alipelekwa kusoma, hakupelekwa kufa, na kwamba chuo hakina haki ya kumsukuma katika wodi ya wagonjwa wa kuambukiza.

Pande zote mbili zina kosa moja. Zinauchukulia utayari wa kumhudumia mgonjwa kama kundi la damu, jambo ambalo mtu huzaliwa nalo ama huzaliwa bila, na ambalo chuo hakina la kufanya ila kuligundua. Makala hii inajaribu kuonyesha kwamba utayari hujengeka na hubomoka kulingana na kile ambacho mwanafunzi anakijua, anachokishika mkononi na anachorudi nacho nyumbani. Inaonyesha pia kwamba hofu yenyewe, ambayo ni ya haki, mara nyingi imeelekezwa kwa mgonjwa asiye na hatari kubwa, huku hatari halisi ikiwa imeketi kwenye benchi la kusubiri.

Tuanze na maneno. Ugonjwa wa kuambukiza ni ule unaoletwa na kimelea, yaani kijidudu kama virusi au bakteria, kinachoweza kutoka kwa mtu, mnyama, maji au chakula na kuingia katika mwili wa mwingine. Kuambukiza si sawa na kuua. Tetekuwanga huambukiza upesi sana lakini watoto wengi hupona, ilhali virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kukaa mwilini kimya kwa miaka mingi na kuliharibu ini. Utayari, nao, ni hali ya mtu kukubali kufanya jambo akiwa anaijua gharama yake. Kusita ni kuuliza kabla ya kukubali. Kukataa ni kuondoka. Mwanafunzi anayesimama mlangoni mwa wodi na kuuliza barakoa ziko wapi amesita, hajakataa, na wanaomwita mwoga wameyachanganya maneno mawili ambayo Kiswahili kimeyatenga vizuri.

Jambo la pili la msingi ni kwamba kila kimelea kina njia yake, na kinga isiyoziba njia hiyo ni mapambo tu. Fikiria karai la kukaangia chipsi kando ya barabara. Mafuta yakiruka humfikia aliyesimama karibu, na aliye hatua kadhaa nyuma hapati hata tone. Hivyo ndivyo magonjwa mengi ya matone yanavyosafiri, mgonjwa anapokohoa au kupiga chafya. Sasa fikiria jiko la mkaa lililowashwa ndani ya chumba kilichofungwa madirisha. Moshi hauanguki chini. Unaelea, unakifikia kila kona, na anayeingia baada ya jiko kutolewa bado ataukuta. Kifua kikuu na surua husafiri namna hiyo, hewani. Virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini aina ya B na C huhitaji damu au majimaji fulani ya mwili kuingia ndani ya mwili wa mwingine, kwa sindano, kidonda au utando laini kama wa jicho. Kipindupindu huhitaji mdomo: mtu humeza uchafu uliotoka kwa mgonjwa, kupitia maji, chakula au mikono yake mwenyewe.

Mwanafunzi akiuelewa mgawanyo huu, mengi hubadilika. Anaweza kuketi kando ya kitanda cha mgonjwa wa kipindupindu akimnywesha maji ya chumvi na sukari, ilmradi anawe kwa sabuni na asile chochote humo. Anaweza kumshika mkono mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI, kumwogesha na kumbadilishia shuka, bila hatari yoyote ya kuambukizwa kwa mguso huo. Katika wodi ya kifua kikuu, kifaa cha kwanza cha kinga ni dirisha. Hapa Nairobi jambo hilo lina ugumu wake: mwezi wa Julai ukiwa na baridi kali, wagonjwa huyafunga madirisha na kujifunika blanketi hadi kichwani, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huona haya kumwambia mzee wa umri wa babu yake kwamba dirisha lifunguliwe. Haya hiyo ni hatari kuliko kitu kingine chochote atakachokishika siku hiyo.

Tuje sasa kwenye hesabu, kwa sababu hapa ndipo hofu na ukweli hupishana zaidi. Muuguzi akijichoma kwa sindano yenye damu ya mtu mwenye virusi vya UKIMWI, na asipewe dawa yoyote, makadirio yanayotumika duniani ni maambukizi 3 hivi katika kila matukio 1000 ya aina hiyo. Sindano hiyo ikiwa na damu yenye virusi vya homa ya ini aina ya B, na muuguzi akiwa hajachanjwa, makadirio huanzia maambukizi 60 na kufika 300 katika kila 1000, kutegemea wingi wa virusi katika damu ya mgonjwa. Tofauti ni kubwa mno, na bado jina la kwanza ndilo linalomnyima mwanafunzi usingizi, ilhali la pili hata wazazi wengi hawalijui. Kwa jina la pili kuna chanjo inayokinga vizuri. Kwa la kwanza kuna dawa za kuzuia maambukizi, ambazo huanzwa mapema iwezekanavyo na kamwe si baada ya saa 72, na hutumiwa kwa siku 28.

Dawa hizo zina sharti moja ambalo halimo katika maabara wala katika ghala la dawa: lazima aliyejichoma aseme. Mwanafunzi aliyejichoma saa nane usiku, akiwa amejaribu kukirudisha kifuniko cha sindano jambo ambalo alishakatazwa darasani, hujiona mkosaji kabla ya kujiona majeruhi. Akitazamia kwamba muuguzi msimamizi atamfokea mbele ya wenzake, atanawa mikono, atanyamaza, na saa 72 zitaanza kuhesabika akiwa kimya. Kwa maoni yangu, wodi ambayo mwanafunzi anaweza kusema "nimejichoma" na akajibiwa "twende" imemkinga kuliko wodi yenye maboksi ya glavu hadi darini. Hatua zenyewe ni chache na kila mtu anaweza kuzikumbuka: kuosha mahali hapo kwa maji na sabuni bila kupabinya, kutoa taarifa papo hapo, kupimwa, na kuanza dawa ikibidi.

Hoja nzito zaidi, ninayoiona ikipotea katika mabishano yote, ni hii: mgonjwa anayeogopwa ni yule ambaye ugonjwa wake umeshapewa jina. Mtu aliyelazwa kwa kifua kikuu cha kawaida, kisicho sugu, na ambaye amekuwa akimeza dawa ipasavyo, kwa kawaida huacha kuwa hatari kwa wengine ndani ya wiki chache, mara nyingi yapata mbili, ingawa matibabu yake huendelea kwa miezi sita. Anayeishi na virusi vya UKIMWI na kutumia dawa zake hadi virusi visionekane katika kipimo ana virusi vichache mno katika damu. Wote wawili wana faili, na wahudumu wanajua la kufanya. Lakini yule kijana anayekohoa kwenye benchi la wagonjwa wa nje, aliyekuja kwa sababu ya maumivu ya mgongo, ambaye hajapimwa na hajui mwenyewe anaumwa nini, hana kibao chochote kichwani. Mwanafunzi atamwinamia ampime shinikizo la damu bila hata kuwaza barakoa.

Ndiyo sababu uuguzi wa leo umejengwa juu ya kanuni inayoitwa tahadhari za kawaida, iliyokua kutokana na mafunzo ya miaka ya 1980 wakati UKIMWI ulipozuka: damu na majimaji ya kila mgonjwa huchukuliwa kuwa yanaweza kuambukiza, awe padri, mtoto mchanga au mwalimu wako mwenyewe. Kwa kanuni hiyo, swali la kama mwanafunzi yuko tayari kuwahudumia wagonjwa wa kuambukiza hupoteza sehemu kubwa ya maana yake, kwa kuwa tangu siku ya kwanza alipoingia wodini tayari anawahudumia, ila hajaambiwa ni nani kati yao.

Wanairobi wa umri fulani wana historia yao hapa. Hospitali ya Mbagathi ilianzishwa katika miaka ya 1950 kwa ajili ya magonjwa ya kuambukiza, na kwa muda mrefu ilijulikana kwa herufi tatu, IDH, yaani Infectious Diseases Hospital, hospitali ya magonjwa ya kuambukiza. Ilikuwa njia ya kuyatenga magonjwa kwa kuta, na mwaka 2020, COVID-19 ilipoingia nchini, ni huko huko ambako Serikali ilitenga kituo cha karantini na matibabu. Kutenga kuna manufaa yake makubwa kwa wagonjwa ambao ugonjwa wao unajulikana. Lakini kuta hizo pia hufundisha somo la uongo, kwamba nje ya kuta hakuna ugonjwa.

Gharama ya somo hilo ilionekana Gulu, kaskazini mwa Uganda, mwaka 2000. Katika hospitali ya Mtakatifu Maria ya Lacor, wanafunzi wa uuguzi walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kufa kwa ugonjwa uliokuwa bado hauna jina. Hawakuwa wamejitolea kwa tendo la kishujaa. Walikuwa katika zamu zao za kawaida, katika wodi za kawaida, wakiwahudumia wagonjwa waliodhaniwa kuwa na homa za kawaida. Daktari mkuu wa hospitali, Matthew Lukwiya, ambaye wakati huo alikuwa masomoni Kampala, aliitwa arudi kwa sababu ya vifo hivyo. Akazipitia faili za wagonjwa, akashuku homa ya kutoka damu, na akafungua wodi ya kutenga wagonjwa hata kabla maabara haijathibitisha kwamba ni Ebola. Wiki kadhaa baadaye, wafanyakazi walipozidi kufa, wauguzi walikusanyika wakiwa wamechoka na wenye hasira, tayari kuiacha kazi. Lukwiya alikwenda kwao, akazungumza nao kwa saa nyingi, na hatimaye wakarudi wodini. Yeye mwenyewe aliambukizwa na akafariki tarehe 5 Desemba 2000. Mlipuko ulipokwisha, Uganda ilikuwa imehesabu wagonjwa 425 na vifo 224.

Kisa hiki husimuliwa zaidi kama kisa cha ushujaa, na ushujaa upo. Lakini kuna jambo jingine ndani yake. Wauguzi wale walikuwa wameshafanya kazi kwa wiki nyingi kabla ya kukusanyika, na baada ya mkutano wakaendelea. Ni watu wale wale, wenye wito ule ule, ambao walikuwa tayari Oktoba, wakakaribia kuondoka Novemba, kisha wakabaki. Kilichopanda na kushuka ni imani yao kwamba kinga inatosha na kwamba kiongozi wao yuko pamoja nao ndani ya wodi.

Wataalamu wa tabia wana namna yao ya kulieleza hilo. Icek Ajzen, mwanasaikolojia wa kijamii, aliweka wazi mwaka 1991 kwamba nia ya mtu kufanya jambo hutokana na mambo matatu: analionaje jambo lenyewe, watu anaowajali wanalionaje, na anaamini kiasi gani kwamba analiweza. Watafiti katika nchi mbalimbali wametumia mpangilio huo kuwauliza wanafunzi wa uuguzi kuhusu UKIMWI, mafua makali na COVID-19. Sitaingia katika majedwali yao. Chukua badala yake asubuhi ya mvua ya masika, barabara ya mtaani imegeuka mto, na watu wawili wamesimama ukingoni. Mmoja amevaa gambuti, mwingine ana ndara. Ukiwauliza kama wako tayari kuvuka watakupa majibu tofauti, na itakuwa dhuluma kuandika katika daftari lako kwamba wa kwanza ni jasiri na wa pili ni mwoga. Mpe wa pili gambuti, mwonyeshe mahali palipo na shimo, kisha umuulize tena.

Katika yale matatu, lile la watu anaowajali lina uzito wa pekee katika jiji hili. Mwanafunzi anayeishi bwenini anaweza kuoga, kubadilisha nguo na kulala. Yule anayerudi jioni katika chumba kimoja huko Pipeline au Mathare, anakolala pamoja na mama, mdogo wake wa miezi minane na nyanya mwenye kisukari, anapiga hesabu tofauti kabisa. Anachokiogopa ni kuwa mlango ambao ugonjwa utapitia kuingia nyumbani. Hofu hiyo haiondolewi kwa hotuba kuhusu maadili ya kazi. Inapungua akipata mahali pa kubadilishia sare kabla ya kutoka hospitalini, maji ya kuogea, na maelezo yanayomwambia kwa uwazi ni magonjwa gani yanaweza kumfuata nyumbani na yapi hayawezi.

Zipo pia imani potofu ambazo huwadhuru hata wanafunzi wenye moyo. Moja ni kwamba manesi wa siku nyingi wamezoea, miili yao imekuwa migumu. Mwili hauzoei kifua kikuu. Kila pumzi katika chumba kisicho na hewa safi ni nafasi nyingine ya kuambukizwa, na aliyekaa miaka 20 amekuwa na nafasi nyingi zaidi. Nyingine ni kwamba glavu mbili ni salama kuliko moja katika kila kazi. Glavu haizuii sindano kupenya, na anayetoka kitanda hadi kitanda akiwa na glavu zile zile anajikinga yeye huku akiwagawia wagonjwa vimelea vya wenzao. Barakoa nazo si moja. Ile nyepesi ya upasuaji ikivaliwa na mgonjwa anayekohoa huyanasa matone yake yakiwa bado mdomoni, lakini muuguzi anayeingia katika hewa yenye kifua kikuu anahitaji ile nzito ya N95, inayogusa ngozi pande zote. Kijana mwenye ndevu nyingi, hata akiivaa, amevaa chujio lenye mlango wazi.

Kuhusu sheria, watu hupenda kuuliza kama mwanafunzi anaweza kukataa. Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 43, inasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura, na sheria ya UKIMWI ya 2006 inakataza mtu kunyimwa huduma ya afya kwa sababu tu ana virusi au anashukiwa kuwa navyo. Kwa hiyo kumruka mgonjwa kwa sababu ya jina la ugonjwa wake hakuna pa kujifichia. Upande wa pili wa mizani, sheria ya usalama kazini ya 2007 inamtaka mfanyakazi aripoti hatari kubwa iliyo mbele yake, na inamkataza mwenye mahali pa kazi kumrudisha hapo kabla hatari haijashughulikiwa. Mwanafunzi lakini hana mshahara wala mkataba wa ajira. Yeye ndiye anayelipa karo. Uingereza iliuona ugumu huo mwaka 2020, ikawaita wanafunzi wa uuguzi waliokaribia kumaliza wajiunge na kazi za hospitali kwa hiari na kwa malipo. Kwetu, Machi 2020, vyuo vilifungwa na wanafunzi wakaenda nyumbani. Sisemi ipi ilikuwa bora, lakini ile ya kwanza angalau iliwauliza.

Kwa mzazi ambaye barua ya kujiunga na chuo imeshafika mezani, kuna kazi ya kufanya kabla ya mjadala wa wito, nayo iko ndani ya sanduku la nguo. Kenya iliingiza chanjo ya homa ya ini aina ya B katika chanjo za watoto wachanga kuelekea mwisho wa 2001, ikiwa ndani ya sindano moja iliyochanganya kinga tano. Kijitabu cha kliniki cha mtoto aliyezaliwa baada ya hapo kinaweza kuonyesha kama dozi zote tatu zilikamilika. Kikipatikana, aende nacho chuoni, na kipimo cha damu kinaweza kuonyesha kinga iliyobaki. Kisipopatikana, chanjo huanzwa upya kwa mpangilio wa kawaida wa dozi tatu: ya kwanza leo, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza. Anayeanza Septemba atamaliza Machi, na swali la kumuuliza mkufunzi siku ya kuripoti ni mwanafunzi huyu ataingia wodini mwezi gani.